Kuruta anaumwa ugoko: anategea au mfupa una ufa?

Mdogo wangu yuko JKT wiki ya nne, ugoko unamuuma, afande anasema anategea. Ni nini hii?

Inawezekana kabisa mfupa umeanza kupata ufa. Sio lazima aanguke, mtu katoka kukaa darasani au nyumbani halafu ghafla mchakamchaka alfajiri, kwata, buti ngumu, na mfupa ukigongwa hivyo kila siku mwili unabomoa sehemu zilizochoka ili uzijenge upya, sasa kubomoa kunawahi, kujenga kunachelewa, hapo katikati ndo ufa unaingia. Na sio ugonjwa wa vijana wa siku hizi, daktari wa jeshi la Prussia (dola ya Wajerumani ya zamani), Breithaupt, aliandika kuhusu askari wanaovimba miguu mwaka 1855, hata eksirei haijagunduliwa; baadaye ndo ikaonekana ni ufa huu huu.

Nitajuaje kama sio misuli tu?

Misuli huuma eneo pana na mara nyingi ukishapata joto inaachia. Ufa una pointi yake, anaionyesha kwa kidole kimoja, ukibonyeza anaruka, na akizidi kukimbia ndo unazidi, mwisho unauma hata akiwa kitandani. Sana sana ni ugoko, au juu ya wayo usawa wa kidole cha pili na cha tatu. Ila kama maumivu yako kinenani au kwenye nyonga, asimame hapohapo aende hospitali, maana shingo ya mfupa wa paja ikikatika hiyo ni operesheni.

Kapigwa picha, wanasema yuko fiti.

Wiki 2 au 3 za mwanzo eksirei mara nyingi haioni kitu. MRI, ile mashine ya picha inayotumia sumaku, inaona mapema, lakini kambini utaitoa wapi, kwa hiyo apumzishwe kama mwenye ufa na picha irudiwe baadaye.

Si ameze diklofenaki aendelee?

Hapana jamani! Maumivu yanatulia, ufa unaendelea kukua.

Wasichana je?

Wao hupata zaidi, hasa anayekula kidogo huku anakimbia sana. Hedhi ikikata asinyamaze, mifupa nayo inakosa homoni. Dagaa wanaoliwa na mifupa yao na maziwa vinasaidia.

Atapona lini?

Kwa ugoko au wayo wengi ni wiki 6 hadi 8 bila kukimbia wala kuruka, mwingine zaidi. Akiweza kutembea bila maumivu na ukibonyeza pale hashtuki, aanze taratibu, siku anakimbia siku anapumzika, gwaride zima baadaye.