Yanga@1935 inapata mia kwa mia: tunavyodanganyika na plagini ya nywila

Wiki iliyopita nilikuwa kwenye kiofisi kimoja Makole, hapa Dodoma, nimekaa na kijana anayetunza kanzidata ya mauzo. Alishaweka validate_password, plagini inayokagua ubora wa nywila, kwenye seva yake ya MySQL 8, roho imetulia. Nikamwambia aandike hivi:

SELECT VALIDATE_PASSWORD_STRENGTH('Yanga@1935');

Ikarudi 100. Akacheka, halafu akanyamaza. Nywila ya bosi wake ilikuwa ya mtindo huo huo, ila ya upande wa Msimbazi.

Haya ndiyo ninayoyasikia kwa wengi kuhusu plagini hii. "Plagini inazijua nywila dhaifu." Inajua kuhesabu tu. Kiwango kinachokuja nayo, MEDIUM, kinataka vibambo visivyopungua 8, na humo iwemo herufi kubwa, ndogo, tarakimu na alama. Yanga@1935 ina vyote hivyo, na mwaka klabu ilipoanzishwa hata muuza zabibu wa stendi anaujua.

Wengi basi hukimbilia STRONG, kiwango cha juu zaidi. Kinachoongezeka pale ni kamusi, na kamusi yenyewe haiji na programu. Usipoielekeza seva kwenye faili la maneno, STRONG na MEDIUM ni pacha. Ndiyo maana tulipewa ile 100 ya bure. Faili ni la maandishi ya kawaida: neno moja kila mstari, kwa herufi ndogo, lisizidi megabaiti 1. Seva huchukua vipande vya nywila vyenye vibambo 4 na kuendelea, ikavilinganisha na maneno hayo bila kujali herufi kubwa au ndogo. Orodha nyingi za kupakua zimejaa Kiingereza, kwa hiyo la kwetu tuliliandika wenyewe: yanga, simba, dodoma, zabibu, mtumba, udom, makole, na jina la duka. Tukajaribu tena. 75, yaani inapita MEDIUM lakini haipiti STRONG.

"Nikiiweka leo, nywila mbovu za zamani zinakufa." Hazifi. Ukaguzi hufanyika pale nywila inapowekwa au kubadilishwa, basi. Aliyekuwa na 123456 tangu mwaka juzi ataendelea kuingia nayo. Ukitaka abadilishe, ilazimishe akaunti yake kwa ALTER USER ... PASSWORD EXPIRE. Lakini kagua kwanza ni akaunti ya nani. Mimi niliwahi kuzifungia zote Ijumaa jioni, pamoja na ile inayotumiwa na programu ya mauzo, na Jumamosi asubuhi hakuna risiti iliyotoka. Simu nilizopigiwa siku ile sitaki kuzikumbuka.

"Wateja wetu nao wamelindwa." Hii ndiyo inayoniudhi zaidi. Plagini inaangalia akaunti za kuingilia kwenye seva yenyewe. Nywila za wateja waliojisajili kwenye tovuti yako zimo ndani ya jedwali, na kwa seva, hizo ni data tu kama bei ya sukari. Ukaguzi wake ni kazi ya aliyeandika programu.

"Lazima seva izimwe." Hapana. INSTALL COMPONENT 'file://component_validate_password'. Inatosha, na seva ikiwashwa upya bado ipo. Kwenye toleo la zamani la 5.7 ni INSTALL PLUGIN, na majina ya vigezo yana kistari cha chini pale ambapo 8 inaweka nukta. Kama seva yako ni MariaDB, ndugu wa MySQL, utatafuta bure: kule kuna simple_password_check na cracklib_password_check.

"Sasa hakuna wa kubahatisha." Plagini haihesabu majaribio. Kazi hiyo ni ya FAILED_LOGIN_ATTEMPTS na PASSWORD_LOCK_TIME, zilizoingia toleo 8.0.19, na unaziwekea kila akaunti.

Tulipomaliza kupandisha kiwango hadi STRONG, bosi akaitwa abadilishe ya kwake. Simba@1936 ikagonga kosa 1819. Akafikiri kidogo, akaandika Msimbazi#36. Ikakataliwa pia, maana "simba" imo humo humo katikati. Akanigeukia, akauliza kama hii seva nimeisajili Jangwani.