Je, wajua kwa nini kadi za benki dunia nzima zina saizi moja?

Chukua kadi ya benki iliyotolewa Japani, nyingine ya Brazili, nyingine ya kwako, zipange moja juu ya nyingine, zitalingana mpaka kwenye kona, hamna itakayochomoza hata kidogo. Benki zinagombania wateja kwa rangi, kwa riba, kwa ofa za kila aina, ila kwenye saizi hakuna anayethubutu kwenda kivyake. Wengi wanadhani ni kwa ajili ya pochi. Pochi zenyewe ndo zilifuata kadi, mwenye amri hapa ni mashine.

Vipimo viko hivi: urefu 85.60 mm, upana 53.98 mm, unene 0.76 mm, kona zimeviringwa. Vimeandikwa kwenye kiwango cha kimataifa kinachoitwa ISO/IEC 7810, na saizi hii inaitwa ID-1. Sasa nani alikaa chini akachagua 53.98? Hakuna. Kadi hizi zilikulia Marekani na kule wanapima kwa inchi, kwa hiyo hiyo 53.98 ni inchi 2⅛ tu iliyogeuzwa kuwa milimita, na huo urefu unakaribia sana inchi 3⅜.

Kabla ya plastiki kulikuwa na kibati. Kuanzia miaka ya 1930 maduka makubwa ya Marekani yalikuwa yanawapa wateja wao wa mkopo kitu kinaitwa Charga-Plate, kilichobuniwa mwaka 1928, kipande cha chuma cha kama milimita 64 kwa 32, jina na anwani yako zimegongwa mpaka herufi zikainuka. Ukinunua, muuzaji anakilaza kwenye kimashine, anaweka karatasi juu, anakandamiza, jina lako linajichapa kwenye risiti. Hakuna umeme, hakuna kuandika kwa mkono, hakuna kukosea spelingi. Mtindo huohuo ndo ukahamia kwenye kadi za plastiki, na ndo maana namba za kadi kwa miaka mingi zilikuwa zimetuna, unaweza kuzisoma kwa kidole. Keshia alikuwa anaweka fomu yenye karatasi ya kaboni juu ya kadi, anasukuma roli kwenda na kurudi, kraa kraa, basi, nakala yako hiyo na ya duka hiyo. Kwenye mashine ya hivo kadi ikizidi kidogo tu haiingii, ikipungua namba zinachapwa nje ya nafasi yake.

Kampuni ya kadi ya Diners Club ilipoanza New York mwaka 1950, chini ya Frank McNamara na mwenzake Ralph Schneider, kadi yao ilikuwa ya karatasi ngumu tu. American Express nao walianza na karatasi mwaka 1958, ila mwaka uliofuata wakaleta ya plastiki. Mwaka huohuo wa 1958 Bank of America waliwatumia watu wa Fresno, California, kadi kama 60,000 kwa posta bila hata wao kuomba, fikiria! Kadi hiyo iliitwa BankAmericard, leo tunaijua kama Visa.

Alafu kuna ule utepe mweusi wa nyuma, mwenyewe nauona ndo wenye kisa kitamu kuliko vyote. Miaka ya 60 injinia wa kampuni ya kompyuta ya IBM, Forrest Parry, alikuwa anahangaika kubandika utepe wa sumaku kwenye kadi ya plastiki, kila gundi aliyojaribu inaukunja utepe au inauharibu. Akarudi nyumbani amekata tamaa, akamkuta mkewe Dorothea anapiga pasi nguo, mke kusikia shida yenyewe akamwambia jaribu kuuyeyushia na pasi. Wakajaribu, ukashika. Hapo sasa kadi ikaanza kusomwa na mashine badala ya kuchapwa kwenye karatasi, na masharti ya saizi yakazidi kubana, maana kichwa cha kusoma kinategemea utepe uwe umbali uleule kutoka ukingoni kila mara.

Chipu nayo ilifuata nyayo hizohizo. Mfaransa Roland Moreno alisajili hataza yake mwaka 1974, na vile vidude vya rangi ya dhahabu unavyoviona mbele vimepangiwa mahali pake kwa kipimo, vinginevyo mashine ya malipo isingevigusa. Hata laini ya simu ya mwanzo kabisa ilikuwa na ukubwa wa kadi nzima ya benki, baadae ndo ikaanza kukatwakatwa.

Kadi yenyewe nayo sio plastiki moja kama inavoonekana. Kawaida ni PVC ya matabaka: katikati nyeupe, juu yake iliyochapwa rangi, nje kabisa ya kuonekana kama kioo, vyote vinagandishwa pamoja kwa joto na shinikizo, na uzito wote ni kama gramu 5. Kama kadi yako ni ya kugusisha tu, ndani kuna waya mwembamba umezungushwa, ndo antena, inavuta nguvu kutoka kwenye mashine kwa masafa ya 13.56 MHz, kwa hiyo kadi haihitaji betri. Chuma kinazuia mawimbi hayo, ndo maana kadi za chuma zinasumbua kutengeneza, na ile ya titani ya Apple ya mwaka 2019 haigusishwi kabisa, wao wanataka ulipe kwa simu. Kwa maoni yangu kadi ya chuma ni mbwembwe tu.

Sasa hivi namba zilizotuna zinaondoka, nyingi zimechapwa bapa tu, na utepe nao uko njiani, Mastercard wametangaza kwamba mpaka 2033 hawataki kuuona kwenye kadi yao yoyote ya mkopo au ya debiti. Ila saizi haiguswi. Hata walipotaka kuwasaidia wasioona mwaka 2021 hawakubadilisha umbo, walikata kipengo kidogo ukingoni: cha mraba ni kadi ya mkopo, cha duara ni debiti, cha pembetatu ni ile ya kulipia kabla, na kadi bado inaingia ATM zilezile za siku zote.