Nyumba iliyovunjwa juzi ndiyo ya kulindwa leo

Watu wanaotafuta ploti au nyumba ya kukodi Nakuru huniuliza swali lilelile: Kiamunyi ni salama? Wengine huuliza Ngata, wengine Naka au Milimani, na wote hutaka niwape takwimu. Kazi yangu ni kuchambua taarifa za uhalifu kwa niaba ya vyama vya wakazi, kwa hiyo takwimu nazipenda, lakini hiyo wanayoitaka haitawafaa.

Kiwango cha uhalifu hupatikana kwa kuchukua visa vilivyoripotiwa polisi, kuvigawanya kwa idadi ya wakazi, kisha kuzidisha kwa 100,000. Tatizo liko kwenye hivyo vilivyoripotiwa. Mtu aliyeibiwa mtungi wa gesi na viatu vya barazani haendi kituoni. Anaandika kwenye kikundi cha WhatsApp, anapewa pole, yameisha. Mtaa wa namna hiyo utaonekana shwari kwenye karatasi. Kituo kidogo cha polisi kikijengwa karibu na watu wakaanza kuripoti, takwimu zitapanda, na wenye nyumba watalalamika kwamba mtaa umeharibika, kumbe ndiyo kwanza umeanza kuhesabiwa. Tena takwimu zinazochapishwa huwa za kaunti nzima. Sensa ya 2019 ilikuta Kaunti ya Nakuru ina watu 2,162,202, kuanzia Naivasha hadi Molo na Kuresoi. Kiwango cha eneo kubwa hivyo hakisemi lolote kuhusu kinjia kimoja ukitoka barabara ya Kabarak.

Mimi hutafuta kwanza nyumba iliyovunjwa karibuni. Katika wizi wa majumbani, nyumba iliyoibiwa mara moja iko hatarini kuibiwa tena kuliko nyumba ambayo haijaguswa, na hatari hiyo huwa kali zaidi wiki za mwanzo. Majirani nao huingia hatarini. Utafiti uliochapishwa 2007, uliolinganisha nchi tano zikiwemo Uingereza, Marekani na Australia, ulikuta kwamba nyumba zilizo ndani ya mita 200 kutoka kwenye iliyovunjwa hukaa hatarini kwa angalau wiki mbili. Hamna nchi ya Afrika katika hizo tano, lakini nikiweka alama za visa kwenye ramani za mitaa yetu naona mrundikano uleule.

Mwizi keshaijua njia ya kuingilia. Anajua mbwa hufungwa wapi, na dada wa kazi hutoka saa ngapi kumchukua mtoto shuleni. Alichoshindwa kubeba amekiona kilipo, na televisheni aliyochukua anajua itanunuliwa nyingine.

Sasa tazama nyumba ya kawaida ya Kiamunyi baada ya wizi. Mbele kuna geti la chuma limepakwa rangi vizuri, na ukuta uliopachikwa vipande vya chupa juu. Nyuma kuna ploti ya mtu anayeishi Nairobi, haijajengwa, imepandwa mahindi yaliyopita kimo cha mtu, na mpakani ni ua wa kayaba wenye pengo ambalo mbuzi wamelipanua. Grili ya dirisha la jikoni imepindwa upande mmoja, vyuma viwili vimeng'oka kwenye saruji. Mwenye nyumba ameziba kwa ubao, akasema fundi atakuja mwisho wa mwezi. Ukisimama katikati ya mahindi yale, ubao huo unauona wazi.

Huo mwisho wa mwezi ndio unaonitia wasiwasi. Katikati ya miaka ya 1980, mtaa wa Kirkholt huko Rochdale, kaskazini mwa Uingereza, ulikuwa umekithiri kwa wizi wa majumbani. Mradi uliofanyika pale uliwashughulikia kwanza waliokwisha kuibiwa. Mita za umeme na gesi za kutumbukiza sarafu, ambazo wezi walikuwa wakizifuata, ziliondolewa. Milango na madirisha yaliimarishwa, na majirani wachache wanaoizunguka nyumba, kama sita hivi, wakaombwa kuiangalia. Ndani ya miezi mitano wizi ulishuka hadi asilimia 40 ya ulivyokuwa, na kufikia mwaka wa tatu ulikuwa umepungua kwa asilimia 75.

Sisi tuna Nyumba Kumi, mpango wa majirani kulindana, tangu 2013, na wazo lake halipishani sana na hilo. Mitaa mingi imeligeuza kuwa kikundi kikubwa cha kutumiana habari, ambamo kila mtu anasoma na hakuna anayetoka nje. Ningependa lirudi kwenye zile nyumba kumi. Mmoja akiibiwa, fundi wa grili aitwe siku hiyohiyo, hata kwa mchango. Mwenye ploti ya nyuma apigiwe simu mpaka ifyekwe. Kisha majirani wapeane zamu ya kuitupia jicho nyumba ile kwa wiki mbili, hasa mchana.

Nasema mchana kwa sababu visa vingi vya mitaa hii ninavyopokea hutokea watu wakiwa kazini. Taa za mulika mwizi naziunga mkono, zinamfaa anayetembea kwenda stejini alfajiri, ila saa tano asubuhi hazina msaada. Anayenunua nyumba namshauri aende kuitazama siku ya kazi, saa hizohizo, ahesabu milango yenye watu.

Kuhusu kusambaza picha ya kijana fulani na kuandika "huyu ndiye mwizi", siumi maneno: acheni. Watu wameuawa kwa kushukiwa tu, na anayeuawa hatoi ushahidi.

Nendeni kituoni mwandikishe, mpewe nambari ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha polisi, hailipiwi. Semeni saa ya tukio kwa uangalifu. Chini ya kifungu cha 304 cha Kanuni ya Adhabu, kuvunja nyumba mchana kwa nia ya kuiba kunaweza kumpa mtu miaka 7, na usiku miaka 10, na usiku kisheria ni kuanzia saa kumi na mbili na nusu jioni hadi saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Anayepokea mali ya wizi huku akijua anaweza kufungwa hadi miaka 14 kwa kifungu cha 322. Lakini ili kesi hiyo isimame lazima mali itambuliwe. Leo jioni, pigeni picha nambari iliyobandikwa nyuma ya televisheni na chini ya laptopu, mzihifadhi kwenye barua pepe. Polisi wakivamia duka la vitu vya mitumba wakakuta televisheni ishirini, mwenye picha ndiye atakayeondoka na yake.