Pavarotti "alijaliwa tu"? Hapana

Ukikaa na wanakwaya wa sauti ya tatu, jina la Luciano Pavarotti, mwimbaji wa opera (mchezo wa jukwaani unaoimbwa) kutoka Italia, halikosi kutajwa, na halikosi mtu wa kusema, "Yule alijaliwa tu." Hapo ndipo ninapobisha.

Sauti alikuwa nayo, na asili yake nyumbani. Baba yake, mwokaji mikate wa Modena, kaskazini mwa Italia, aliimba vizuri ila woga wa jukwaa ulimzuia. Lakini Luciano alianza kujifunza kuimba kwa dhati akiwa na miaka 19. Akafundisha shule ya msingi, akauza bima, miaka ikayoyoma. Kisha akaota kinundu kwenye nyuzi za sauti, akaharibu tamasha mjini Ferrara, akaamua kuacha kabisa. Ajabu ni kwamba baada ya kukata tamaa ndipo sauti ikafunguka. Opera yake ya kwanza aliimba tarehe 29 Aprili 1961, Reggio Emilia. Alikuwa na miaka 25.

Wengine husema alibebwa na maikrofoni. Viwanjani, sawa, vipaza sauti vilikuwepo. Ndani ya jumba la opera mambo ni mengine: mtu mmoja, okestra nzima mbele yake, na pumzi zake tu. Mazoezi ya miaka humfundisha mwimbaji kukusanya nguvu ya sauti kwenye mitetemo kama 3,000 kwa sekunde. Huko juu ala za okestra hupungua nguvu, na sikio letu husikia kwa wepesi. Ndiyo maana mtu wa kiti cha nyuma kabisa anamsikia. Februari 1972, Metropolitan Opera ya New York, Pavarotti aliipiga do ya juu, noti ngumu kuifikia kwa sauti ya tatu, mara tisa katika kipande kimoja cha opera *La fille du régiment*.

Leso nyeupe aliyozoea kuishika akiimba nayo si pambo la kujionyesha. Aliishika mwaka 1973 huko Missouri, Marekani, kwenye onyesho lake la kwanza la kuimba peke yake, akiwa na mafua. Tangu hapo hakuiacha.

*Nessun dorma*, wimbo wake maarufu, haikutungwa kwa ajili ya mpira, ingawa Kombe la Dunia la 1990 liliisambaza kote. Imo katika *Turandot*, opera ya mtunzi Puccini, iliyoonyeshwa mara ya kwanza 1926: mwana wa mfalme anangoja alfajiri, akiapa kuwa atashinda.

Wimbo huohuo ndio aliofungia maisha yake ya jukwaani, Torino, Februari 2006, kwenye ufunguzi wa Olimpiki. Wengi wanaamini aliimba papo hapo. Sauti ilikuwa imerekodiwa mapema, kwa kuwa maumivu na baridi ya usiku ule visingemruhusu. Alifariki nyumbani Modena tarehe 6 Septemba 2007.