Je, wajua seli za kinga za ubongo wako zilianzia wapi?

Shuleni tulifundishwa kwamba seli nyeupe za damu ni askari wa mwili, na kwamba hutengenezwa ndani ya uboho wa mifupa. Kwa makrofaji, yaani seli zinazomeza vijidudu na mabaki ya seli zilizokufa, maelezo hayo hayatoshi.

Mwaka 1882, mwanabiolojia Elie Metchnikoff alichoma miiba kwenye viluwiluwi vya kiti cha pweza huko Messina, Italia, akaona seli zikiuzingira mwiba. Kazi yake kuhusu kinga ilimpa Tuzo ya Nobel mwaka 1908, pamoja na Paul Ehrlich. Baadaye ikaaminika kwa miongo mingi kwamba makrofaji zote hutokana na monosaiti, seli za damu zinazozaliwa kwenye uboho.

Mwaka 2010 imani hiyo ilitikiswa. Watafiti walitia alama seli changa za viinitete vya panya wa maabara karibu siku ya 7 ya mimba, wakafuatilia zilikokwenda. Mikroglia, ambazo ndizo makrofaji za ubongo, zilitoka kwenye kifuko cha kiini kilichoshikamana na kiinitete, wakati uboho haujakuwepo kabisa! Zikishaingia ubongoni hujizalisha zenyewe humo humo, bila kutegemea damu. Na huko kazi yao kubwa ya mwanzo si vita: hupunguza miunganisho ya neva iliyozidi ubongo unapojengeka. Ndiyo maana mfano wa askari hunikera kidogo.

Makrofaji za mapafu zina njia nyingine. Mababu zao hutoka kwenye ini la kijusi, ambalo kwa muda ndilo kiwanda cha damu, kisha hukomaa siku chache baada ya mtoto kuanza kupumua. Za utumbo, kwa sehemu kubwa, ndizo zinazoendelea kujazwa na monosaiti maisha yote.

Lakini asili si kila kitu, kwani kiungo chenyewe huifundisha seli kazi. Kwenye wengu, masalia ya chembe nyekundu zilizochakaa huichochea makrofaji kuwa mtaalamu wa kurejesha madini ya chuma. Mapafuni, protini iitwayo GM-CSF huifundisha kufyonza ziada ya utelezi unaozuia vifuko vya hewa visijifunge. Ishara hiyo ikikosekana, utelezi hujaa na mgonjwa hukosa pumzi. Mwaka 2014 watafiti walichukua makrofaji zilizokwisha kukomaa tumboni mwa panya wakazihamishia mapafuni, nazo zikabadili sehemu kubwa ya jeni zinazozitumia, zikafanana na wenyeji.

Kujigeuza huko kuna mpaka. Seli za uboho zikipata nafasi ubongoni huishi humo na kuchukua sura ya mikroglia, ila jeni zinazozitumia bado hutofautiana na zile za waliotangulia kutoka kwenye kifuko cha kiini.