Ukiritimba wa wawili: Boeing, Airbus na mgeni anayebisha hodi

Ukipanda ndege ya abiria, chomoa ile kadi ya usalama kwenye mfuko wa kiti kilicho mbele yako. Ndege ikiwa kubwa, karibu kila mara jina litakuwa Boeing au Airbus. Embraer ya Brazil nayo ipo, ila ndege zake ni ndogo zaidi.

Hali hiyo ndiyo ukiritimba wa wawili: soko lililoshikwa na kampuni mbili, kiasi kwamba mteja akikorofishana na moja hana pa kukimbilia ila kwa nyingine. Hakuna sheria iliyowazuia wengine. Kilichowazuia ni gharama, maana ndege mpya hula mabilioni ya dola na miaka mingi kabla haijarudisha hata senti. McDonnell Douglas, kampuni nyingine ya ndege ya Marekani, iliishia mikononi mwa Boeing mwaka 1997. Bombardier ya Canada ilijaribu na CSeries, ndege nzuri kweli, lakini mradi ukaielemea. Mwaka 2018 Airbus ikachukua hisa nyingi za mradi huo, na leo ndege ileile inaitwa A220. Aliyekuja kushindana akawa bidhaa ya mshindani wake!

Anayebisha hodi sasa ni COMAC, kampuni ya serikali ya China iliyoanzishwa Shanghai mwaka 2008. Ndege yake ya C919 iliruka mara ya kwanza Mei 2017, na Mei 2023 ikaanza kubeba abiria wa China Eastern kati ya Shanghai na Beijing. Inawinda wateja wa A320 ya Airbus na 737 ya Boeing. Wakati wenyewe si mbaya: 737 MAX ilizuiwa kuruka Machi 2019 baada ya ajali mbili zilizoua watu 346, na anayeagiza ndege kwa wakubwa hao wawili hukaa kwenye foleni kwa miaka.

Lakini hebu chungulia chini ya bawa la C919. Injini ni LEAP-1C ya CFM, ubia wa GE ya Marekani na Safran ya Ufaransa. Mwaka 2025 Marekani ilisimamisha kwa muda vibali vya kuiuzia COMAC injini hizo, ikaonekana wazi nani ameshika ufunguo. China inaunda injini yake, CJ-1000A. Mpaka hiyo ikomae, mimi ningesita kusema wawili wamekuwa watatu.

Kuna pia suala la vyeti. China iliidhinisha C919 Septemba 2022, ila Ulaya na Marekani zilikuwa hazijafanya hivyo hadi mwaka 2025. Na hata vyeti vikipatikana, shirika la ndege haliangalii bei peke yake. Pampu ikigoma usiku kwenye kiwanja cha ugenini, kipuri kitatoka wapi, na fundi mwenye leseni ya ndege hiyo atapatikana? Kwa A320, mara nyingi yuko hapohapo kiwanjani. Kwa C919, huenda ikabidi asafirishwe kutoka China, na ndege imeegeshwa ikimsubiri.