Kabla hujaniambia niing'oe hita ya 911 yako

Wiki iliyopita mwenye Porsche 911 Carrera ya mwaka 1986, ile ya lita 3.2, aliegesha gari lake mbele ya karakana yangu hapa Nairobi, akafungua kifuniko cha injini, akanyoosha kidole kwenye feni ya umeme na mabomba manene ya hita, kisha akasema: "Fundi, ng'oa takataka hizi zote. Nchi yetu ina joto. Injini itapoa na gari litapata nguvu." Ni mtu wa nne mwaka huu kuniambia maneno hayo, karibu neno kwa neno. Imani hiyo ni ndugu wa ile nyingine iliyoua injini nyingi za rejeta, kwamba themostati, ile vali inayodhibiti maji ya kupoza injini, ni kifaa cha nchi za baridi na huku kwetu haina kazi. Nimechoka kuijibu nikiwa nimelala chini ya gari, kwa hiyo naijibu hapa.

Injini ya Carrera haina rejeta, hupozwa kwa hewa na oili, na hita yake haichomi petroli. Feni kubwa ya injini, inayozungushwa na mkanda pamoja na alternata, husukuma hewa kwenye silinda na kwenye kipoza oili. Sehemu ya hewa hiyo, ikisukumwa na ile feni ya umeme, hupelekwa kwenye makoti, yaani yale mabati yanayoyazunguka mabomba ya ekzosi kila upande, ikachukua joto ambalo lingepotea bure, kisha ikafika kwenye vilango viwili. Ukivuta wenzo ulio kando ya breki ya mkono, vilango huipeleka ndani kupitia mifereji iliyofichwa chini ya milango, na ukiurudisha, hewa humwagwa nje. Naomba neno hilo lisipite haraka: humwagwa. Hita ikiwa imefungwa, hewa bado inapita kwenye makoti, kwa sababu koti lisilopitiwa na hewa hubaki limelikumbatia bomba la moto kama sufuria iliyosahauliwa jikoni.

Ndiyo maana kazi ya nusu ndiyo mbaya kuliko zote. Fundi mwenye haraka huondoa feni ya umeme na mabomba ya juu, kwa sababu hayo ndiyo yanayoonekana na ndiyo yanayompendeza mwenye gari anapopiga picha, halafu anayaacha makoti yale yale chini bila hewa. Nimeshika mikononi mwangu koti lililoishi hivyo kwa muda: bati limegeuka rangi ya bluu na kahawia, limepinda, na kando ya mshono wa kulehemu pana ufa unaoweza kupitisha ukucha. Ukitaka nafasi ndani ya chumba cha injini, toa feni ya umeme, lakini weka mpira wa kupeleka hewa moja kwa moja kutoka kwenye kasha la feni kubwa hadi kwenye makoti, kama yalivyokuwa magari ya zamani zaidi. Utapoteza hita yenye nguvu gari likiwa limesimama, basi.

Na ukiamua kung'oa vyote, makoti pamoja na vilango vyake, tuzungumze kuhusu matundu, maana hapa ndipo ninapokasirika. Tundu la kwanza liko kwenye kasha la feni, pale hewa ya hita ilipokuwa inatokea. Likiachwa wazi, hewa iliyokusudiwa silinda hutoroka, na mtu aliyetaka injini ipoe ameipunguzia upepo kwa mkono wake mwenyewe. Matundu mengine yako kwenye mabati ya injini, kushoto na kulia, yale yaliyopitisha mabomba kwenda chini. Mabati hayo, pamoja na mpira unaoyazunguka, ndiyo ukuta unaotenganisha hewa baridi ya juu na joto la ekzosi la chini. Feni hainusi hewa ikachagua. Huvuta chochote kilicho karibu. Acha tundu moja la ukubwa wa kikombe, nayo itavuta hewa iliyokwisha pashwa na ekzosi na kuirudisha kwenye silinda, pamoja na vumbi la barabara zetu. Vipande vya bati la alumini, riveti chache na silikoni ya joto vinatosha. Ni kazi ya nusu saa, na katika magari manne yaliyonijia yakiwa "yameshaondolewa hita" hakuna hata moja lililokuwa limezibwa kote.

Je, ukiziba kote, injini inapoa zaidi? Kwa nadharia, ndiyo, kwa sababu hewa yote inabaki kwa silinda. Kwa kipimo changu mwenyewe cha joto la oili, kabla na baada, kwenye mlima uleule, tofauti ilikuwa ndogo kiasi kwamba wingu moja lingeweza kuisababisha. Injini hii hupozwa kwa oili karibu kama inavyopozwa kwa hewa. Ukiona sindano inapanda, anza na kipoza oili cha mbele kilicho ndani ya tao la gurudumu la kulia, ambacho mara nyingi nakikuta kimejaa tope lililokauka.

Kuhusu nguvu, watu wanachanganya hita na umbo la ekzosi. Katikati ya miaka ya 1970 mpangilio wa mabomba ulibadilishwa, na katika Carrera hii moshi wa upande wa kushoto lazima uvuke kwenda kulia kabla ya kutoka. Hapo ndipo pumzi inapobanwa. Ukirudisha ekzosi ya mtindo wa awali, injini hupumua vizuri zaidi, ingawa itakubidi ubadilishe sailensa na kupitisha upya mabomba ya oili; nayo ekzosi hiyo ina makoti na hita kamili. Carrera RS ya 1973 ya toleo jepesi, lita 2.7 na nguvu za farasi 210, iliondolewa saa ya dashibodi, viti vya nyuma na hata kifuniko cha kisanduku cha dashibodi ili iwe nyepesi, lakini makoti yake iliachiwa.

Sababu nzuri za kuondoa zipo. Magari ya mashindano kama ya East African Safari Classic Rally hupigwa mawe tumboni siku nzima, na koti ni bati jembamba. Kubwa zaidi, bomba la ekzosi lililotoboka kwa kutu ndani ya koti huingiza kaboni monoksaidi ndani ya gari, gesi isiyo na rangi wala harufu. Niliwahi kulipitisha koti kwa macho tu, nikasema ni zima. Mwenye gari alifika Naivasha kichwa kinamgonga. Tangu hapo kila koti naziba upande mmoja na kulijaza maji.

Lakini mtu anayeishi Limuru na kuendesha saa kumi na mbili asubuhi wakati wa masika ajue kwamba hita ndiyo inayokausha ukungu kwenye kioo cha mbele. Wateja wangu wawili sasa wana taulo kwenye dashibodi.

Huyu wa Carrera amesikiliza yote haya, akanywa chai yangu, akasema ng'oa. Sawa. Makoti yanashikwa kwenye vichwa vya silinda kwa studi, yaani boliti zisizo na vichwa, za milimita 8, mbili kwa kila silinda, na nati nyingine zimejificha ndani kabisa, hazifikiwi ila kwa ufunguo mrefu wa alen. Baada ya miaka karibu 40 ya joto na kutu, ukizilazimisha, studi inakatikia ndani ya kichwa na injini inashuka. Unaipasha nati moto, unairudisha robo, unaisogeza mbele, unasubiri. Kesho naanza na silinda ya tatu, ambayo ndiyo yenye kutu zaidi, na mtungi wa gesi nimeshaujaza.